Vumbi la Dhahabu na Tumbo Lisiloulizwa: Historia ya Ugonjwa Usioandikwa Songwe

Skleroderma huhesabiwa miongoni mwa magonjwa adimu, na madhara yake tumboni huwekwa katika kurasa za nyuma za vitabu vya tiba. Katika Mkoa wa Songwe ugonjwa huu hauna hata hizo kurasa za nyuma: haumo katika simulizi za mkoa, haumo katika historia ya misheni na hospitali zake, wala haumo katika kumbukumbu za wanaume wake waliokwenda kufanya kazi migodini nje ya nchi. Hoja ya makala haya ni kwamba ukimya huo haukuletwa na uchache wa wagonjwa peke yake. Una historia. Kati ya mwaka 1945 na 1957, ujuzi wa namna ugonjwa huu unavyoharibu utumbo, na wa namna vumbi la migodi linavyouchochea, ulijengwa Afrika Kusini. Miaka hiyohiyo, vijana wa nyanda zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakiwemo wa maeneo ambayo leo ni Songwe, walikuwa wanakwenda kuchimba huko na katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mfumo wa kazi uliowachukua ulihakikisha kwamba ujuzi unabaki kusini na miili inarudi nyumbani. Ugonjwa ulioandikwa mahali pamoja na kuuguliwa mahali pengine huonekana kama haupo, na hilo ndilo lililotokea hapa.

Ni vyema kwanza kuueleza ugonjwa wenyewe. Skleroderma ni mmoja wa magonjwa ya tishu unganishi, yaani tishu zinazoshikilia ngozi, misuli, mishipa na viungo vya ndani pamoja. Kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, mishipa midogo ya damu huharibika, na mwili hutengeneza kolajeni kupita kiasi, ile protini inayoipa ngozi na kano uimara wake. Ngozi hukaza na kuwa ngumu. Vidole hupauka na kuuma wakati wa baridi, na ncha zake huweza kuliwa na vidonda. Hayo ndiyo yanayoonekana kwa macho. Yasiyoonekana ni mengi zaidi, kwa kuwa karibu wagonjwa tisa kati ya kumi hupata athari katika njia ya chakula. Umio hupoteza nguvu ya kusukuma tonge, ugali hukwama kifuani, na asidi hupanda usiku na mchana. Mara chache zaidi, misuli ya utumbo mwembamba hunyauka na nafasi yake kuchukuliwa na kovu. Utumbo hujaa na kuvimba kama ulioziba, ilhali hakuna kilichouziba. Bakteria huzaliana katika chakula kilichotuama, na mgonjwa huharisha na kukonda hata akila vizuri. Wengine hupata mapovu ya hewa ndani ya ukuta wa utumbo, au mishipa iliyotanuka ndani ya tumbo la chakula ambayo huvuja damu polepole mpaka mtu anaishiwa damu. Lupusi, ndugu wa ugonjwa huu, nayo huweza kuvimbisha mishipa ya utumbo na kuleta maumivu yanayofanana na ya dharura ya upasuaji.

Safari ya kuujua ugonjwa huu ilikuwa ndefu, na sehemu muhimu ya safari hiyo ilikuwa Afrika. Mwaka 1753 daktari Carlo Curzio wa Naples alieleza habari za msichana ambaye ngozi yake ilikuwa imekakamaa. Kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo ugonjwa ulihesabiwa kuwa wa ngozi tu. Mwaka 1914 Byrom Bramwell wa Edinburgh aligundua kwamba miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo waashi wa mawe kwa idadi iliyomshangaza. Ila yeye alishuku baridi ya patasi mkononi, si vumbi. Mwaka 1942, New York, Paul Klemperer na wenzake waliyaweka skleroderma na lupusi katika kundi moja la magonjwa ya kolajeni. Kisha mwaka 1945, Cape Town, daktari Robert Goetz alichapisha uchunguzi mpana wa viungo vya ndani vya wagonjwa wa skleroderma, akaonyesha kuwa madhara ya umio na utumbo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na akapendekeza jina jipya lililoutambua kuwa ugonjwa wa mwili mzima. Miaka 12 baadaye, mwaka 1957, L. D. Erasmus alichapisha makala kuhusu skleroderma kwa wachimbaji wa dhahabu wa Witwatersrand, eneo la migodi la Johannesburg. Kilichoonekana hapo kilikuwa cha pekee, kwa sababu kwa kawaida ugonjwa huu huwapata wanawake mara kadhaa zaidi kuliko wanaume, lakini huko migodini waliougua walikuwa wanaume waliovuta vumbi la mwamba. Kilichomo ndani ya vumbi hilo ni silika, madini ya jiwe la kwatsi linalobeba dhahabu. Chembe zake ndogo huingia ndani kabisa ya mapafu, seli za kinga huzimeza na kufa, na kufa kwake huamsha kinga ya mwili mzima.

Mwaka huohuo wa 1957, mtafiti mwingine alichapisha jambo ambalo lingepaswa kusomwa sambamba na makala ya Erasmus. P. H. Gulliver, aliyekuwa mtaalamu wa elimu-jamii wa serikali ya Tanganyika, aliandika kuhusu uhamaji wa kikazi wa Wanyakyusa: nani wanaondoka Rungwe, wanakwenda wapi, wanarudi lini, fedha wanazitumiaje. Wakati huo Undali, ambayo leo ni sehemu ya Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, ilikuwa ndani ya Wilaya ya Rungwe. Kwa hiyo mwaka mmoja ulizaa maandishi mawili: moja lilieleza vumbi linafanya nini katika miili ya wachimbaji, na jingine lilieleza watu wa kusini-magharibi mwa Tanganyika wanavyokwenda kuwa wachimbaji. Moja lilisomwa na madaktari wa Johannesburg, jingine na watawala na wanaanthropolojia. Hakuna mfumo uliokuwapo wa kuyakutanisha, kwa kuwa hapakuwa na ofisi yoyote iliyokuwa na wajibu wa kuuliza mchimbaji aliyerudi Undali, au Unyiha ya Mbozi, anameza vipi chakula chake.

Tunduma, mji wa Songwe ulio mpakani na Zambia, inaingia katika habari hii kwa sababu ya mahali ilipo. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulichora mpaka kati ya maziwa mawili kwa namna ambayo Barabara ya Stevenson, njia ya biashara ya Waingereza kutoka Nyasa kwenda Tanganyika, ibaki upande wao. Mstari huo ukawakata Wanyamwanga, wenyeji wa hapo, wengine wakawa wa Ujerumani na wengine wa Uingereza, bila kuwazuia kuvuka. Wakati migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilipopanuka kuanzia miaka ya 1920, mpaka huo uligeuka kuwa mlango wa kazi. Waliokwenda mbali zaidi, hadi Johannesburg, walichukuliwa na shirika la kuajiri vibarua wa migodi lililojulikana kusini mwa Afrika kwa jina la Wenela. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imepiga marufuku kuchukua watu kutoka kaskazini mwa nyuzi 22 za latitudo ya kusini, kwa sababu walikuwa wanakufa kwa wingi kwa nimonia. Marufuku hiyo ililegezwa miaka ya 1930, dhahabu ilipopanda bei na migodi kuhitaji mikono. Hapo ndipo nyanda zetu zilipoingia katika ramani ya Wenela. Baada ya uhuru wa Desemba 1961, serikali ya Tanganyika iliufunga mlango huo kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Lilikuwa tendo la heshima kubwa, nalo liliokoa wengi. Lakini halikuweza kuliondoa vumbi lililokwisha kuingia vifuani, na kwa bahati mbaya lilikata pia uzi wa mwisho uliowaunganisha wachimbaji wa zamani na nchi iliyokuwa na majalada yao.

Tusidhani kwamba Afrika Kusini haikujua hatari ya vumbi. Sheria zake za fidia kwa ugonjwa wa mapafu ya wachimbaji zilianza mwaka 1911 na 1912, mapema kuliko za nchi nyingi duniani. Ila zilijengwa juu ya tabaka mbili. Mchimbaji mzungu alipimwa mara kwa mara, alihesabiwa, na akiugua alipewa malipo yaliyoendelea. Mchimbaji mweusi alilipwa mara moja kiasi kidogo kama ugonjwa uligunduliwa, kisha akarudishwa kwao. Tofauti za rangi katika sheria hiyo ziliondolewa mwaka 1993 tu. Ubaguzi huo haukuishia katika pesa. Uliamua pia ni mwili gani utakuwa ushahidi wa kisayansi. Utafiti mkubwa wa G. K. Sluis-Cremer na wenzake wa mwaka 1985, uliothibitisha uhusiano wa silika na skleroderma, uliwahusu wachimbaji 79 wazungu waliogunduliwa tangu miaka ya 1950. Makala ya R. L. Cowie kuhusu skleroderma kwa wachimbaji weusi wa dhahabu ilitoka mwaka 1987. Kati ya Erasmus na Cowie ni miaka 30, na katika miaka hiyo yote wachimbaji weusi ndio waliokuwa wengi chini ya ardhi.

Sasa tuangalie aliyerudi alipokelewa na nini. Upande wa Rhodesia, karibu kabisa na Tunduma, kulikuwa na misheni ya Mwenzo, ambako daktari James Chisholm alihudumu miaka mingi mwanzoni mwa karne ya 20 na kuandika pia kuhusu mila za Wanyamwanga. Upande huu, Wamoraviani walioanza kazi Rungwe mwaka 1891 walifika Mbozi mwaka 1899, na baadaye huduma za tiba za kanisa hilo zikaota mizizi Mbozi na Isoko. Vituo hivyo viliokoa maisha ya watu wengi kwa vifaa vichache. Vilikabili malaria, minyoo, vidonda vya mguu, kuhara damu na uzazi mgumu. Lakini kuutambua umio uliolegea kulihitaji kumnywesha mgonjwa beriamu na kumtazama kwa eksirei, na mganga wa misheni mwenye kisu, kwinini na darubini asingeweza kuliona jambo hilo. Wanyakyusa, jirani wa mashariki wa watu wa Songwe, walikuwa na njia yao ya kulichunguza tumbo. Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba Wanyakyusa walikuwa wakilipasua tumbo la marehemu ili kutafuta dalili za uchawi, kwa kuwa mchawi aliaminika kuwa na chatu tumboni mwake. Desturi hiyo inafaa kuchukuliwa kwa uzito. Inaonyesha jamii iliyoshikilia kwamba tumbo lina ushahidi, na kwamba kifo kisichoeleweka hakistahili kuzikwa bila kuchunguzwa. Kilichokosekana hakikuwa udadisi wa watu. Kilikosekana kiungo cha kuufikisha udadisi huo kwa waliokuwa na maarifa ya kuujibu.

Hata huduma za serikali zilipopanuka, mgonjwa wa aina hii aliendelea kugawanywa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, zahanati na vituo vya afya vilisambazwa vijijini kwa kasi ambayo nchi chache za Afrika ziliifikia. Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ambao mafanikio yake yaliigwa duniani. Lakini mpango wa ugonjwa mmoja mmoja humwona mgonjwa kwa sehemu. Mtu mwenye skleroderma ana ngozi yenye mabaka meupe na vidole vilivyokatika ncha, na vyote viwili humfanya mtu afikirie ukoma. Ana kikohozi na pumzi fupi, na hivyo hupimwa kifua kikuu. Tumbo lake linajaa na kuharisha, na hupewa dawa za minyoo. Amepungukiwa damu, na katika nchi ya malaria na safura upungufu wa damu una maelezo tayari. Kila mlango anaoingia unampa jibu linaloelekea kuwa sahihi, na hakuna mlango unaoyaweka majibu hayo pamoja. Hatari kubwa ni pale tumbo linapovimba ghafla. Kujipinda kwa utumbo mpana ni dharura ambayo madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki huikuta mara kwa mara, kwa hiyo ni haki yao kuifikiria kwanza. Lakini anayempasua mgonjwa ambaye utumbo wake umepooza kwa skleroderma hatakuta cha kufungua, na upasuaji wenyewe huweza kumzidishia udhaifu.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni la muda. Itasemwa kwamba vibarua wa Tanganyika walikwenda kwa mikataba mifupi, wakarudi kabla vumbi halijawadhuru. Hivyo ndivyo makampuni ya migodi yalivyojitetea kwa miaka mingi kuhusu silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, na ushahidi umeyakanusha. Miaka ya 1990 watafiti walikwenda kwenye vijiji walikotoka wachimbaji badala ya kubaki kwenye hospitali za migodi. Huko Thamaga, Botswana, walikuta zaidi ya robo ya wachimbaji wa zamani waliowapima wana mapafu yaliyoharibiwa na vumbi. Huko Libode, Transkei, nchini Afrika Kusini, makadirio ya silikosisi yalikuwa kati ya asilimia 22 na 36. Wanaume hao pia walikuwa wa mikataba. Ila mkataba mmoja ulifuatwa na mwingine, na vumbi lililobaki mapafuni liliendelea kufanya kazi baada ya mshahara kwisha. Ugonjwa wao haukuwa katika takwimu za migodi kwa sababu ulikomaa nyumbani. Ikiwa hali ilikuwa hivyo Botswana na Transkei, kudhani kwamba waliorudi Undali na Unyamwanga walisalimika kunahitaji sababu, na sababu hiyo haijapata kutolewa.

Pingamizi la pili ni la kibaiolojia, na linastahili heshima. Mwaka 1968 Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, Nigeria, alionyesha kuwa magonjwa ya kinga kujishambulia yalikuwa machache mno katika hospitali yake, akapendekeza kuwa maambukizi ya vimelea kama malaria huenda yanaituliza kinga ya mwili. Wazo hilo bado linachunguzwa na huenda lina ukweli ndani yake. Lakini lilitumika kupita kipimo chake, likawafundisha madaktari wasitegemee kuyaona magonjwa haya kwa Mwafrika, na asiyetegemea kuona hatafuti. Mwaka 1986 H. G. Taylor na C. M. Stein waliwaelezea wagonjwa wa lupusi wa Zimbabwe. Mwaka 2009 Olufemi Adelowo na mwenzake waliwaelezea wagonjwa 66 wa lupusi wa Nigeria, nchi ileile ya Ibadan. Mtaalamu alipofungua kliniki, wagonjwa walikuja. Marekani nako, watu wenye asili ya Afrika hupata skleroderma wakiwa na umri mdogo zaidi na kwa ukali zaidi kuliko wazungu, kwa hiyo hakuna kinga ya damu inayorithiwa. Na juu ya yote, Greenwood alizungumzia watu wa kawaida wa Nigeria, si wanaume waliotumia miaka wakitoboa kwatsi.

Pingamizi la tatu linahusu hesabu. Hata kama vumbi huongeza hatari mara nyingi, ugonjwa wa watu wachache kwa milioni ukizidishwa bado ni wa watu wachache. Hilo ni kweli, na makala haya hayadai kwamba vijiji vya Ileje na Mbozi vilijaa skleroderma. Yanadai jambo jingine: ugonjwa adimu hutegemea kumbukumbu kuliko ugonjwa wa kawaida. Malaria itajulikana hata rejesta zikiungua, maana kesho watakuja wagonjwa wengine. Ugonjwa wa mtu mmoja kwa maelfu ukikosa mwandishi leo, daktari wa kesho anaanza upya, naye atamwona mgonjwa wake kuwa kioja. Ndiyo maana ukimya wa zaidi ya miaka 60 una uzito. Haukuwaficha wagonjwa wachache wa wakati ule tu. Umewanyima waliofuata mfano wa kuwafananisha nao.

Tena, vumbi lenyewe halikubaki ng'ambo. Dhahabu ilipatikana katika eneo la Lupa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mgodi wa New Saza, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Songwe, ulifanya kazi tangu 1939 hadi 1956. Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake yakiwa Vwawa, na ndani yake uchimbaji umerudi kwa nguvu. Mgodi mkubwa wa New Luika ulianza uzalishaji mwaka 2012, na kuuzunguka, kutoka Saza hadi Mkwajuni, wachimbaji wadogo wanashuka kwenye maduara, wanapasua mwamba na kuusaga kwa makarasha. Mwamba wa Lupa ni kwatsi. Ukisagwa ukiwa mkavu hutoa vumbi lilelile la Witwatersrand, na safari hii wamo pia wanawake wanaoponda na kuchekecha mawe, ambao kwa maumbile yao wako katika hatari zaidi ya magonjwa ya tishu unganishi. Wanaume wa 1950 walilifuata vumbi kwa mwendo wa majuma. Wajukuu wao wanalikuta wilayani mwao, bila kampuni inayotunza majina yao na bila daktari wa mgodi.

Historia ya fidia inaonyesha gharama ya kukosa kumbukumbu. Afrika Kusini inaitambua skleroderma ya mwili mzima kuwa ugonjwa wa kazi unaostahili fidia kwa wachimbaji. Mwaka 2019 mahakama yake iliidhinisha maridhiano kati ya makampuni ya dhahabu na wachimbaji wa zamani, na malipo yanasimamiwa na mfuko wa Tshiamiso. Maridhiano hayo yanahusu silikosisi na kifua kikuu, na yanawagusa waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Mtanganyika ambaye kazi yake ilikoma nchi yake ilipojitawala yuko nje ya tarehe, na mwenye skleroderma yuko nje ya orodha ya maridhiano hayo. Nyumbani, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ni hatua kubwa kwa walioajiriwa. Lakini mchimbaji mdogo anayegawana mawe na mwenye duara hana mwajiri wa kumchangia. Katika vipindi vyote viwili, anayelivuta vumbi ndiye anayekosa karatasi.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linatoka kwa watu wenye nia njema. Mkoa wa mpakani wenye malori yanayopanga foleni, wenye hofu ya kipindupindu, VVU na kifua kikuu, una haki ya kuuliza kwa nini ujishughulishe na utumbo wa mtu mmoja kwa maelfu. Jibu ni kwamba hatua inayopendekezwa hapa inauhudumia kwanza mzigo huo mkubwa. Vumbi la silika huongeza sana uwezekano wa kupata kifua kikuu; kwa hiyo kumuuliza kila mwenye kikohozi kama amewahi kuchimba au kusaga mwamba ni kuimarisha mpango wa kifua kikuu, na swali hilohilo ndilo linalofungua njia ya kuitambua skleroderma. Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini wa Italia aliwataka madaktari wenzake waongeze swali moja katika maswali yao kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Ushauri huo una zaidi ya miaka 300, na haujawahi kuhitaji mashine.

Basi wahudumu wa afya wa Vwawa, Tunduma, Mkwajuni, Isoko na Mbozi waiandike kazi ya mgonjwa kwenye kadi yake, ya sasa na ya zamani, kabla ya kuandika dawa. Anayekwamwa na chakula huku vidole vyake vikikaza, au ambaye tumbo lake linavimba mara kwa mara bila sababu, apewe rufaa ya Mbeya, takriban kilometa 100 kutoka Tunduma, na barua yake itaje vumbi. Wenye makarasha wasage kwa maji. Wanafunzi wa historia wa vyuo vyetu wawafuate wazee wachache waliobaki wa zama za Wenela, na watoto wa waliokwisha kufa, wakusanye vitambulisho vya kazi na habari za maradhi yao maadamu zinakumbukwa. Wengi wa kizazi kilichokwenda Johannesburg walizikwa bila kuulizwa. Wanaochimba Saza leo bado wako hai, na wanaweza kujibu.